Imeili za matapeli wanaowinda waleti za kripto: jinsi ya kuzijua kabla hujabonyeza

Kama una waleti, yaani programu au kifaa cha kutunzia kripto kama MetaMask, Trust Wallet, Ledger au Trezor, au hata akaunti tu kwenye eksichenji (soko la kripto) ya Binance unayouzia USDT (kripto inayofuata thamani ya dola) kwa P2P (mtu kwa mtu), imeili ya tapeli itakufikia kama haijakufikia bado. Itasema waleti yako ina shida, au kuna tokeni (sarafu za kripto) za bure zinakusubiri, au unatakiwa uhakiki taarifa zako ndani ya masaa 24 la sivyo inafungwa. Na ushauri tunaopeana ni uleule wa miaka yote, angalia makosa ya herufi, angalia logo imekaaje, angalia kiingereza kama kimepinda. Huo ushauri mimi siupi uzito tena. Saivi tapeli anaandikiwa barua na AI, kiingereza kimenyooka kabisa, kiswahili nacho kinakuja kizuri tu, logo anaichukua ilivyo kwenye tovuti halisi. Ukitegemea macho yaone kasoro, utapigwa siku ambayo kasoro haipo.

Swali la kujiuliza ni moja tu: hii imeili inataka nifanye nini? Achana na imefananaje, achana na imetoka kwa nani, uliza inataka nini. Maana matapeli wanabadilisha maneno, rangi na majina ya kampuni kila wiki, lakini vitu wanavyovitaka ni vilevile na ni vichache.

Maneno 12

Ukitengeneza waleti ya kawaida unapewa maneno 12 au 24 ya kiingereza, yanachaguliwa kutoka kwenye orodha maalum ya maneno 2048, na hayo maneno ndo waleti yenyewe. Mtu akiwa nayo anaifungua waleti yako kwenye simu yake akiwa popote duniani, hahitaji simu yako, hahitaji paswedi yako, hahitaji OTP, ile namba ya mara moja inayokuja kwa meseji. Namba ya siri ya M-Pesa wote tumeshajua hakuna mhudumu anayeiomba na anayeiomba ni mwizi, sasa haya maneno ni mazito kuliko hiyo namba, kwa sababu ukiibiwa M-Pesa walau kuna mahali pa kupiga simu wazuie, ila muamala wa kripto ukishathibitishwa haurudi na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Kwa hiyo imeili yoyote inayokupeleka sehemu ya kuandika maneno yako ni ya wizi. Haijalishi imeita nini, wengine wanaita uhakiki, wengine kusawazisha waleti, wengine kuboresha toleo, wengine kurekebisha hitilafu. Sehemu ya kuandika hayo maneno ni pale wewe mwenyewe umeamua kurudisha waleti yako kwenye simu mpya ukiwa ndani ya programu halisi, na kama ni Ledger unaandika kwenye kile kifaa chenyewe, sio kwenye kompyuta.

Alafu kuna jambo watu wanalisahau. MetaMask ukiitengeneza kwa njia ya maneno 12 haikuulizi imeili yako. Sasa kama hawana imeili yako, hiyo barua inayosema "mpendwa mteja, waleti yako itasimamishwa" imejuaje pa kukufuata? Na hata kusimamisha hawawezi, hiyo waleti sio akaunti kwenye seva yao, hakuna mtu ofisini mwenye kitufe cha kuifunga. Februari 2023 zilitumwa imeili za MetaMask feki kibao zikidai watu wafanye uhakiki wa utambulisho, KYC, la sivyo waleti zinafungwa. MetaMask ikabidi iwaambie watu kwamba haikusanyi taarifa za KYC na haitakuandikia kuhusu akaunti yako. Mtu aliyekuwa anajua waleti yake inavyofanya kazi hakuhitaji kukagua hata herufi moja ya ile barua.

Ila matapeli nao wanajifunza, wakaona watu wameshashtuka kuombwa maneno, wakageuza. Machi 2025 watumiaji wa eksichenji ya Coinbase walipata imeili inayosema kwamba kutokana na kesi mahakamani, kila mtu anatakiwa ahamishie hela zake kwenye waleti anayoisimamia mwenyewe, na humo ndani wakawekewa maneno 12 tayari, wakaambiwa pakua Coinbase Wallet halisi, ingiza haya maneno, hamishia hela humo. Ona hapo hamna linki feki, programu ni ya kweli, hakuna anayekuomba siri yoyote. Lakini hayo maneno tapeli anayo nakala yake, ukiweka hela umeweka mfukoni kwake. Kwa hiyo sheria ina upande wa pili: usipokee maneno kutoka kwa mtu. Maneno yako yanazaliwa kwenye simu yako au kifaa chako wakati unatengeneza waleti, na hakuna mwingine anayetakiwa kuwa ameyaona kabla yako.

Saini

Hii ndo inawapiga mpaka wazoefu. Imeili inasema kuna eadropu (tokeni zinazogawiwa bure), au umestahili tokeni fulani, au huu mradi unahama kwenda mkataba mpya (programu inayoendesha tokeni zake), bonyeza hapa uunganishe waleti. Unafika kwenye tovuti, unaunganisha, inatokea dirisha la waleti inakuomba usaini, yaani ubonyeze kukubali ombi la ile tovuti. Hujaombwa maneno, kwa hiyo unaona uko salama, unabonyeza, na hapo umempa ruhusa ya kuchukua tokeni zako muda wowote atakaotaka.

Soma hilo dirisha. Ukiona "Approve", "Increase Allowance", "Set Approval For All" au "Permit", maana yake unampa mtu mwingine kibali juu ya mali yako. Kupokea zawadi hakuhitaji kutoa kibali cha namna hiyo. Na "Permit" ni mbaya zaidi kwa sababu ni saini tu, hailipiwi gesi (ada ya mtandao wa kripto), haionekani kama muamala, mtu anadhani kasaini kuingia kwenye tovuti kumbe kasaini USDC zake zote (kripto ya dola kama USDT). Februari 2022 watumiaji wa OpenSea, soko la NFT (tokeni za picha na vitu vya kidijitali), waliliwa NFT zao hivi hivi, kipindi OpenSea wenyewe walikuwa wametangaza kwamba watu wahamishe matangazo yao ya kuuza kwenda mkataba mpya, na matapeli wakapita na upepo huohuo. Hapo ndo ujue kwamba tapeli anafuatilia habari kuliko wewe. Likitokea tukio kubwa la kweli yeye anatuma imeili siku hiyohiyo. Ethereum ilipobadilisha mfumo Septemba 2022 walijaa watu wa kudai "boresha ETH yako" (ETH ni sarafu ya Ethereum), wakati mwenye ETH hakutakiwa kufanya kitu chochote.

Kwanini usimwamini mtumaji

Watu wanafundishwa waangalie anwani ya mtumaji. Angalia ndio, itakusaidia kwa matapeli wavivu. Kwenye simu Gmail inakuonyesha jina tu, mfano "Ledger Support", na jina mtu yeyote anaweza kuandika analotaka, kwa hiyo gusa pale chini ya jina ifunguke uone anwani kamili. Ikiwa ni mlolongo wa herufi na domeni (ile sehemu baada ya @) ambayo hata haihusiani, futa, kazi imeisha.

Ila ikiwa anwani ni sahihi, bado hujamaliza. Juni 2024 wezi waliingia kwenye mfumo wa kutuma imeili wa Ethereum Foundation, taasisi inayosimamia Ethereum, wakatuma barua kutoka updates@blog.ethereum.org, anwani ya kweli kabisa, kwenda kwa watu 35,794, wakiahidi faida ya asilimia 6.8 kwa kuweka ETH kupitia huduma ya Lido. Zile imeili za MetaMask za 2023 nilizozitaja zilitoka kwenye mfumo wa kutuma barua wa Namecheap, kampuni ya kuuza domeni. Januari 2024 wakaingia MailerLite, huduma ya kutuma imeili za kampuni, zikatoka imeili za eadropu kwa jina la WalletConnect, Cointelegraph na wengine wa ulimwengu wa kripto. Na Juni 2025 wakafanya ujanja mwingine kwa Trezor, wakawa wanajaza fomu ya msaada ya Trezor wakiweka imeili yako wewe, na kwenye kichwa cha tatizo wanaandika onyo pamoja na linki yao, basi mfumo wa Trezor wenyewe unakujibu moja kwa moja ukiwa na kile kichwa, yaani linki ya mwizi imeletwa na kampuni halisi.

Kwa hiyo hata wale mafundi wanaofungua "Show original" kwenye Gmail wakaona SPF, DKIM na DMARC (vipimo vya kuthibitisha imeili) zote zimepita, hicho kinakuambia barua imepita kwenye seva iliyoruhusiwa na ile domeni. Hakikuambii aliyeiandika ni nani wala ana nia gani. Ikifeli ni dalili mbaya, ikifaulu sio cheti cha usalama.

Kusoma linki

Usibonyeze ili kuona. Kwenye kompyuta peleka mshale juu ya linki bila kubonyeza, anwani itatokea chini. Kwenye simu shikilia kidole mpaka itokee. Alafu jinsi ya kuisoma: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kinyumenyume kushoto, sehemu mbili za mwisho kabla ya huo mkwaju ndo mara nyingi mwenye tovuti. Mfano metamask.io.mfano.com/ingia, hiyo sio ya MetaMask, hiyo ni ya mwenye mfano.com, na hayo maneno metamask.io mbele ni pambo tu, yeyote anaweza kuweka. Watu wengi wanasoma kutoka kushoto wakishaona jina wanalolijua wanaacha kusoma, na tapeli anajua hilo.

Kuna na herufi zenye alama. Aprili 2022, baada ya wezi kuingia Mailchimp, huduma nyingine ya kutuma imeili, watumiaji wa Trezor waliletewa imeili inayosema kampuni imevamiwa, pakua Trezor Suite mpya (programu ya kutumia kifaa cha Trezor), na linki ilikuwa suite.trẹzor.com. Angalia hiyo e, ina nukta chini. Kwenye skrini ya simu hiyo nukta unaweza kudhani ni vumbi. Programu waliyopakua ilifanana na halisi mpaka ndani, kwa sababu kodi (code) ya programu ya Trezor Suite iko wazi kwa yeyote kuichukua, tofauti ni kwamba hii ilikuomba maneno yako na kuyatuma kwa mwizi.

Ndo maana mimi nasema usishindane na linki. Linki ya imeili inayohusu hela usiitumie kabisa hata kama unaona ni nzima. Fungua programu yako mwenyewe, au tovuti uliyoihifadhi kwenye brauza siku umetulia. Kama kweli kuna tatizo utalikuta humo ndani. Na usiende Google kuitafuta kwa jina, maana matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na matapeli nao wanalipia. Hivyohivyo kwa QR kodi ndani ya imeili, QR ni linki iliyofichwa usiweze kuisoma.

Wamejuaje jina langu

Hapa watu ndo wanalegea. Imeili imekuja na jina kamili, pengine na namba ya simu, pengine inajua ulinunua Ledger, unasema huyu atakuwa wa kampuni. Hapana. Ledger walivuja data 2020, Desemba mwaka huo ikamwagwa hadharani, imeili karibu milioni moja, na kwa wateja kama 272,000 kulikuwa na majina, anwani za nyumbani na namba za simu. Baada ya hapo wapo walioletewa hadi vifaa vya Ledger feki kwa posta. Coinbase nao Mei 2025 walitangaza kwamba wahudumu wao wa nje walihongwa wakatoa taarifa za wateja, watu 69,461, na wezi wakadai dola milioni 20 ili wasitoe. Data ikishatoka haizeeki, jina lako halibadiliki.

Na siku hizi imeili nyingine haina linki wala kiambatisho, inasema tu "umetoa 0.4 BTC, kama sio wewe piga namba hii". Unapiga wewe mwenyewe ukiwa na presha, unapokelewa na mtu mpole anayejua jina lako, anakuongoza hatua kwa hatua uhamishie hela kwenye "waleti salama". Waleti salama ya kuelekezwa kwa simu haipo.

Ya kwetu huku P2P

Kwa Tanzania na Kenya wengi wetu kripto tunaigusa kupitia P2P, unauza USDT unalipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki. Imeili ya huku inakuja wakati oda iko wazi, inasema mnunuzi ameshalipa, hela inashikiliwa na Binance mpaka utoe USDT. Hakuna kitu kama hicho. Binance inashikilia USDT zako, shilingi inatoka kwa mnunuzi moja kwa moja kuja kwako. Usiachie kwa sababu ya imeili, usiachie kwa sababu ya meseji wala skrinshoti ya muamala, angalia salio lako mwenyewe, Vodacom Tanzania *150*00#, Safaricom *334#, hela ipo au haipo. Mnunuzi anayekuharakisha mwache aharakishe.

Na hii nyingine naisema kwa uchungu kwa sababu naiona sana: watu wamepiga picha maneno 12 wakayaacha kwenye galari ya simu, au wamejitumia kwenye imeili, au WhatsApp yao wenyewe. Picha zinapanda Google Photos zenyewe. Sasa kwako wewe, imeili feki inayosema "nafasi yako ya Gmail imejaa, ingia hapa" ni imeili ya kuiba kripto, japo haijataja kripto popote. Akiingia Gmail anatafuta tu. Andika kwenye karatasi, mbili, sehemu mbili tofauti, na ile picha ifute mpaka kwenye takataka. Kama imekaa huko muda mrefu tengeneza waleti mpya uhamishe, usijifariji.

Vitu vya kuweka sawa leo

Binance ina kitu kinaitwa anti-phishing code, unaenda kwenye mipangilio ya usalama unaweka neno lako, na kuanzia hapo imeili zao zinakuja na hilo neno. Ikija bila neno ni feki. Ni dakika mbili tu na wengi hawajaweka. Eksichenji nyingine kubwa nazo wanacho. Weka na passkey ukiweza (kuingia kwa alama ya kidole, uso au namba ya kufungulia simu badala ya paswedi), maana tovuti feki siku hizi inachukua paswedi yako pamoja na OTP na kuiingiza kwenye tovuti halisi sekunde hiyohiyo, ila passkey imefungwa na domeni, kwenye tovuti feki haifanyi kazi kabisa. Tumia imeili ya peke yake kwa mambo ya kripto, isiyojulikana kwingine, ili imeili ya "Binance" ikiingia kwenye ile ya kila siku ujue bila hata kuisoma. Na kama unapenda kukimbiza eadropu, kuwa na waleti ndogo ya kuchezea yenye hela ya gesi tu, ile kubwa isiunganishwe na tovuti yoyote.

Kama umeshabonyeza

Umefungua imeili tu, hujafanya kitu, tulia. Umefungua linki ukatoka, funga, usipakue chochote.

Umeandika maneno: usipoteze muda kubadilisha paswedi ya MetaMask wala kufuta programu, haisaidii, maneno yameshatoka. Tengeneza waleti mpya yenye maneno mapya, kwenye kifaa kingine kama ulipakua programu yao, na hamisha kila kitu sasa hivi ukianza na chenye thamani kubwa. Ukikuta gesi imeisha kuwa makini na kuongeza, wezi wanaweka roboti inayofagia ETH ikiingia tu.

Umesaini: nenda revoke.cash kwa kuiandika mwenyewe, futa vibali usivyovijua, kila kimoja kina gesi yake. Kama ilikuwa "Permit" huenda usione kitu pale maana mwizi bado hajaitumia, kwa hiyo hamisha hizo tokeni kwenda anwani nyingine kwanza. Umeandika paswedi ya eksichenji: badilisha, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, futa API kii (funguo zinazoruhusu programu nyingine kutumia akaunti yako) usizozitambua, na Binance kuna sehemu ya kuzima akaunti yote mpaka utulie. Usisahau imeili yenyewe nayo uibadilishie paswedi.

Hela ikishaondoka, chukua namba ya muamala na anwani iliyopokea, hifadhi ile imeili usiifute, ripoti polisi kitengo cha makosa ya mtandao, Kenya nenda DCI, idara ya upelelezi. Kama hela imeingia eksichenji inayojulikana wape taarifa haraka pamoja na hizo namba, kuna wakati wanaweza kuzuia akaunti ya mwizi kabla hajatoa. Alafu kaa tayari, maana ukishalia mtandaoni kwamba umeibiwa, watakuja watu kwenye imeili na Telegram wanaosema ni wataalamu wa kurudisha kripto, wanaomba ada kidogo ya kuanzia au maneno ya waleti "waitazame". Hao nao ni wezi, mara nyingine ni walewale wa mwanzo, usiwajibu hata neno.